Elimu ya Kungojesha

Nilitumwa kwenda kujifunza kungojesha watu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watakaodai nilikwenda kwa mapenzi ya sanaa, na wapo watakaodai sikwenda mimi, alikwenda mtu anayeitwa Kombo. Nilikwenda mimi. Jina langu Mgeni, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, karani wa nyaraka katika mji ambao siutaji jina kwa kuwa sina hakika nalo. Kila Liwali aliyeshika madaraka aliupaka rangi upya ubao wa njia panda na kuandika jina alipendalo yeye, na siku hizo rangi ilikuwa nene kuliko ubao wenyewe.

Mji ule uko ukingoni mwa mto. Mashamba yetu yako ng'ambo, na makaburi yetu yako ng'ambo vilevile. Kiangazi maji hufika kiunoni, masika humeza ng'ombe. Katikati palikuwa na daraja, ila daraja lenyewe lilikuwa bado ni neno. Liwali alilitamka siku alipoapishwa, likapendeza masikioni, tukaanza kulisubiri. Mwaka wa kwanza tulisubiri kwa shangwe. Mwaka wa tatu tulisubiri kwa mazoea. Kufika mwaka wa kumi na moja hatukujua tena kama tunasubiri au tunaishi tu, maana ukivitazama vizuri vitu hivi viwili vina sura moja: vyote hufanywa kwa kukaa.

Halafu siku moja, katikati ya hotuba, mtu mmoja akapiga mwayo.

Mwayo huambukiza. Liwali alipofika kwenye neno "mikakati", uwanja mzima ulikuwa umeachama, na kutoka jukwaani aliweza kuyaona magego ya raia wake. Liwali wetu alikuwa hodari mbele ya hasira. Watu wakipiga kelele alijua la kufanya, wakilia alijua la kusema, wakitukana alijua pa kuwapeleka. Mwayo haukuwa na sheria yake kitabuni. Akashuka jukwaani amenywea, na asubuhi yake akaniita.

"Kuna mtu anaitwa Mpondela," aliniambia. "Anaongoza filamu za taharuki. Watu mia tatu wanaingia kwenye chumba cha giza, anawangojesha saa mbili, wanatoka jasho, wanauma kucha, na wakitoka wanamshukuru. Mimi nawangojesha nje, kwenye hewa safi, na hawanishukuru. Nenda ukajue anafanyaje."

"Nikirudi bila jibu, Mheshimiwa?"

"Utakaa kwenye benchi."

Benchi lile lilikuwa ukumbini mwa ofisi yake, na juu yake walikaa watu walioambiwa wataitwa. Kombo, karani aliyekuwapo kabla yangu, alikaa hapo miaka sita, hata wapita njia wakaanza kumwekea miavuli yao mapajani. Siku moja benchi likakutwa tupu. Jina lake tu ndilo lililobaki kwenye daftari, na ndilo lililoandikwa kwenye barua niliyopewa: "Mleta barua hii ni Bwana Kombo." Nilipomwonyesha Liwali kosa lile, alinihurumia.

"Barua imeshapigwa muhuri," akasema. "Hatuwezi kuharibu muhuri kwa sababu ya mtu."

Niliondoka mjini Alhamisi asubuhi, nikafika kwa Mpondela Jumatano mchana, siku moja kabla ya kuondoka. Sikushangaa sana. Mtu aliyengoja miaka kumi na moja hawezi kuwa mkali juu ya siku moja. Nilijiuliza tu, njiani, maswali ambayo huja mtu akitembea peke yake. Anayengoja ni nani? Ni yule yule aliyeanza kungoja, au ni mwingine aliyerithi kiti chake? Na anayengojesha je, naye hangoji? Hangoji wachoke? Au mamlaka ni hilo tu: kuwa wa mwisho kupiga mwayo? Nilitembea. Niliuliza. Kiatu cha kushoto kilinibana. Hakuna swali kubwa lililowahi kunijia bila kiatu cha kushoto kunibana.

Mpondela alikuwa akiishi na mkewe, Bi Siwema, ndani ya ukumbi wa sinema uliofungwa zamani. Nilibisha hodi. Nikabisha tena kwa nguvu, na nikasikia kitu kizito kikijificha.

"Anayegonga hivyo ana habari," sauti ya mwanamume ilisema kutoka ndani. "Siwema, mwambie hatuzitaki."

Bi Siwema alinifungulia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye unga mikononi na subira usoni. Nyuma ya safu ya kwanza ya viti alikuwa amechutama mzee mfupi aliyevaa makoti mawili, na huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa taharuki, mtu ambaye filamu zake tisa zimewafanya watu wazima wasilale na miguu nje ya shuka.

"Usimshangae," Bi Siwema aliniambia. "Anaogopa kuku. Anaogopa bahasha. Anaogopa mtu akisema tutazungumza baadaye."

"Hasa huyo," Mpondela alisema kutoka mafichoni. "Nani anajua atasema nini baadaye?"

Nilimpa barua akaisoma akiishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Akanitazama. Akaitazama tena.

"Karibu, Bwana Kombo," akasema.

"Naitwa Mgeni, Mwalimu."

"Barua inasema Kombo. Umesoma filamu zangu?"

"Filamu husomwa?"

"Zangu husomwa. Zote tisa ni hadithi moja: mtu asiye na kosa anaitwa kwa jina lisilo lake, na kadiri anavyokana ndivyo watu wanavyozidi kutomwamini. Kaa. Ukikana mara nyingine nitaanza kukushuku."

Nikakaa. Ndipo nilipoona kwamba hatukuwa peke yetu. Katika safu ya saba, kiti cha katikati, alikuwepo mwanamume mwembamba akitafuna karanga. Alinipungia mkono.

"Mimi ndiye Kombo," alisema. "Jina langu linakukaaje?"

"Linanibana kidogo mabegani," nilimjibu.

"Litaachia. Na mimi lilinibana mwanzoni."

Alinieleza kwamba alipoinuka kwenye lile benchi hakuwa na mahali pa kwenda. Alijua kazi moja tu, kungoja. Akatafuta mahali ambapo kazi hiyo inathaminiwa, na akaupata ukumbi huu. "Kule nilingoja miaka sita, hakuna kilichotokea," alisema. "Hapa nangoja saa mbili, na kila dakika kitu kinakaribia kutokea. Huwezi kufananisha."

Basi masomo yakaanza. Siwezi kusema yalichukua muda gani. Ndani ya ukumbi ule ilikuwa daima saa tisa alasiri, wakati wa onyesho la kwanza. Nilipoulizia tarehe Bi Siwema alinijibu kwamba nimefika jana, ingawa kucha zangu zilikuwa zimekatwa mara nne. Mpondela alikuwa akizungusha mtambo wa kuonyeshea filamu kwa mkono, akiwa amekipa mgongo kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha asione filamu zake mwenyewe kwa kuwa zinamtisha. Mimi niliandika. Nikaona kwamba katika filamu zote tisa hakuna tone la damu. Kuna mkono unaotafuta funguo ndani ya mkoba. Kuna ngazi, daima ngazi, na mtu anayepanda bila haraka. Kuna wanaochungulia madirishani, na baadaye wanajuta kwa walichokiona, na baadaye wanarudi kuchungulia. Kuna mtu mpole anayekunywa chai na mwenzake, na sisi tu ndio tunaojua kwamba mwenzake si yule anayejidai kuwa. Niliona pia kwamba mwongozaji hakuwa akinificha kitu. Nilikuwa nimekuja nikidhani siri ya taharuki ni kuficha. Huyu mzee alionyesha kila kitu mapema, kwa adabu, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni choo kilipo.

"Sasa nguvu yako iko wapi?" nilimuuliza. "Ukishatuambia hatari iko wapi, umebaki na nini?"

Mpondela alifikiri, akavaa vizuri koti lake la juu.

"Leo usitazame filamu," akasema. "Tazama jikoni."

Jiko la Bi Siwema lilikuwa nyuma ya kile kitambaa cheupe. Mpondela alizima mtambo, akaufungua mlango wa nyuma, na jua la alasiri likapita jikoni na kukipiga kitambaa. Mara tukakiona kivuli cha Bi Siwema, kikubwa kuliko mwigizaji yeyote, kikiteleka sufuria ya maziwa. Akakoleza moto. Kisha kule mlangoni mtu akaita hodi, jirani yake, na kivuli kikaondoka kwenda kuzungumza.

Tulikaa watatu kwenye viti. Jirani alikuwa na nyonga inayomsumbua. Alianza tangu siku ilipomuuma mara ya kwanza.

Juu ya mdomo wa sufuria pakatokea kitu cheusi, chembamba kama utando. Kikavimba.

"Mwalimu," nikanong'ona.

"Kaa."

"Maziwa."

"Nimeyaona. Kombo pia ameyaona. Anayetakiwa kuyaona hayaoni, na hilo ndilo somo lote. Kaa."

Jirani alifika kwa mganga wa pili. Bi Siwema alikuwa akisema "pole, mama" kwa sauti ya mtu mwenye wakati. Povu likainuka, likasita, likainuka tena, na nilijiona nikisali kwa ajili ya lita moja ya maziwa kwa bidii ambayo sijawahi kusalia nafsi yangu. Nikageuka kumtazama Kombo. Alikuwa ameuma mkono wa shati lake.

"Humwagika kila siku?" nilimuuliza.

"Kila siku."

"Sasa unaogopa nini?"

"Huenda leo yasimwagike," alisema, na macho yake hayakubanduka.

Sikuweza zaidi. Niliruka safu ya kwanza, nikapanda jukwaani, na kwa kuwa sikuujua mlango wa kuingilia jikoni nilipita katikati ya kitambaa. Kilichanika kwa sauti ndefu. Nikaiepua sufuria kwa mikono mitupu, nikaungua, nikaitua chini salama. Halikumwagika hata tone. Bi Siwema na jirani yake walinitazama, mimi mwanamke mzima niliyevaa kipande cha skrini shingoni.

Kombo alisimama kwenye safu ya saba akapiga makofi, huku machozi yakimtoka. Miaka yote ile, na leo hayakumwagika.

Bi Siwema alinipaka asali kwenye vidole. Mpondela alikuja akinyata, akilikwepa jiko kwa mbali.

"Kwa nini uliinuka?" aliniuliza.

"Kwa sababu mimi nilikuwa naona, naye alikuwa haoni. Na kwa sababu ni mtu mwema."

"Na kwa sababu bado kulikuwa na nafasi. Maziwa yangekuwa yameshamwagika ungekaa tu. Basi andika hivyo, ukampelekee bwana wako. Kwamba mtu huuma kucha pale anapomjali mtu, anapoiona hatari inamjia, na anapotumaini bado itaepukika. Ukimnyima tumaini anapiga mwayo. Mwayo ndio mlango tumaini linapopita likiondoka. Mimi sina nguvu yoyote juu ya watazamaji wangu, Mgeni. Nimeazima tu huruma yao, na saa mbili zikitimia narudisha."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nilisikia mabega yakilegea. Kombo naye aliingia jikoni, akapewa kikombe cha maziwa, akakinywa akiwa amesimama wima kama mtu anayeapa.

Nilirudi mjini. Liwali alikuwa mezani pale pale, na chai aliyokuwa akinywa nilipoondoka ilikuwa bado inatoa moshi.

"Umesahau kitu?" akaniuliza.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza kwa makini hadi nilipofika kwenye neno tumaini, akaninyamazisha kwa kidole.

"Nimeelewa. Hawajaona kitu. Wameahidiwa tu. Lazima niwaonyeshe."

"Mheshimiwa, nilichosema ni kwamba..."

"Kipande," akasema. "Nitawajengea kipande."

Na kweli alijenga. Kwa siku tisa mafundi walisimamisha hatua nne za daraja, kutoka ukingo wetu hadi juu ya maji, hapo zikakoma. Zilikuwa hatua nzuri, zenye vikingio vya pembeni vilivyopakwa rangi ya samawati. Juu yake Liwali aliweka meza ya hotuba. Mji mzima uliitwa asubuhi ya Jumamosi, watu wakaketi ukingoni wakiutazama mto, na Liwali akasimama kwenye ncha ya kile kipande, uso kwa watu, mgongo kwa ng'ambo. Mimi nilisimama karibu naye nikiwa na taarifa yangu mkononi.

Alianza kuhutubia. Nilingoja mwayo wa kwanza. Haukuja. Nilizitazama nyuso mstari kwa mstari: Bi Mize, muuza vitumbua, alikuwa amesahau kupepea mkaa wake, wazee walikuwa wametoa mikono mifukoni. Hakuna aliyekohoa. Ukingo mzima ulikuwa umebana pumzi.

"Unaona?" Liwali alininong'oneza, akiwa anang'aa kwa furaha. "Unawaona?"

Niliwaona. Kisha nikaona kwamba hawamtazami usoni. Macho yao yalikuwa chini kidogo, upande wa kushoto, na nilipoyafuata nikaiona nguzo ya mbele. Ilikuwa imesimamishwa kwenye tope, na ilikuwa inainama. Haikuwa na haraka. Iliinama kama mtu anayesinzia msikitini, akashtuka, akainama tena zaidi.

"Mheshimiwa," nikasema polepole. "Umesimama juu ya kitu kinachoanguka, na kila mtu hapa anajua isipokuwa wewe."

"Sentensi nzuri sana," akanijibu bila kugeuka. "Iandike."

Akaendelea. Aliongeza aya nzima juu ya mwaka ujao. Misumari ilianza kulia chini ya miguu yetu, naye akaichukua sauti ile kuwa ni hisia za umma. Sitasema kwamba nilifikiri. Nimekwisha kusikia watu wakieleza matendo yao makubwa, namna walivyopima hili na lile. Mimi nilikuwa naogopa tu. Nilijua nikimgusa mbele ya watu nitakaa kwenye benchi hadi nisahaulike sura. Nilijua pia kwamba yupo upande wa kushoto mtu mnene, mwenye majivuno, asiyejua kuogelea, na kwamba bado kulikuwa na nafasi. Nikamshika kanzu kwa nyuma, kwa mikono miwili yenye malengelenge, nikamvuta.

Alikuwa mzito kuliko sufuria. Tulianguka pamoja pembeni, penye maji ya kiunoni, na nyuma yetu kile kipande kikatoa mguno, kikajikunja, kikalala mtoni pamoja na meza ya hotuba. Mahali alipokuwa amesimama palikuwa na boriti iliyochongoka imesimama wima.

Ukingo mzima ukapumua. Ilikuwa pumzi moja kubwa, na nilihisi upepo wake kwenye masikio yaliyolowa. Hakuna aliyecheka. Bi Mize alikuwa wa kwanza kushuka hadi magotini majini.

"Umeumia, Mheshimiwa?"

Liwali alikuwa ameketi kwenye tope, maji yakimfika kifuani, akiitazama ile boriti. Aliitazama muda mrefu. Kisha akawatazama watu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuwatazama bila kuwahesabu.

"Mlikuwa mnaona?" akauliza.

"Tulikuwa tunaona," Bi Mize akajibu.

"Mlijua itaanguka?"

"Tangu uliposimama."

"Na hamkusema."

Bi Mize alionekana kweli hajui aliulizwa nini.

"Ulituambia tusubiri," akasema.

Maji yalipita. Kofia ya Liwali ilikuwa imeshaanza safari yake kuelekea mji mwingine, hakuna aliyeifuata. Niliona mdomo wake ukifunguka, nikadhani ni hotuba, kisha nikadhani ni mwayo.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

Hatukuwahi kuulizwa. Kwa kitambo hakuna aliyejua kwamba swali lile lilikuwa letu.

"Kwanza utoke majini," Bi Mize akasema, akampa mkono.

Kisha fundi mmoja akasema tope haliwezi kushika nguzo, mwamba uko hatua thelathini upande wa juu wa mto, yeye amelisema hilo tangu mwanzo. Mwingine akamwambia si thelathini, ni arobaini. Wakaanza kubishana, na kabla jua halijafika utosini watu zaidi ya mia walikuwa ndani ya mto, nguo zimefungwa viunoni, kila mmoja akiwa na hakika na mahali mwamba ulipo, na Liwali katikati yao, kanzu imemnata, akishikilia fimbo ya kupimia aliyoamriwa aishikilie wima. Mtu akanipa ncha ya kamba. Sikumjua ni nani. Akaenda nayo ile ncha nyingine hadi karibu na ng'ambo, akaivuta ikakaza, akanipigia kelele nisogee kushoto kidogo.

Nikasogea.